Watunzi Wawili wa Chumba cha Mvuke

Kwa miaka kumi na mmoja ile hospitali ilikuwa na Mtunzi mmoja tu, na mwenyewe hakuona haja ya kuwepo wa pili. Hakuwa amechapisha kitabu, wala hakuwa amemaliza kukiandika, lakini kila mtu kuanzia jikoni hadi wodini alijua kwamba yule bwana wa chumba cha mvuke anaandika riwaya. Akipita ukumbini na kalamu yake sikioni, madereva wanamwita "Mtunzi", naye anaitika kwa sauti nzito, kama ndilo jina alilopewa na babake.

Kazi iliyomlisha ilikuwa nyingine. Mikasi, koleo na visu vikishatumika kwenye upasuaji vinashushwa chumba cha chini, vinaoshwa, vinakaushwa, vinafungwa kwa karatasi ya bluu, kisha vinaingizwa kwenye mashine ya mvuke yenye mlango mzito unaofungwa kwa gurudumu. Ukishaufunga mlango huo na kubonyeza kitufe, hakuna wa kukuharakisha tena. Mashine inataka dakika zake arobaini na tano, na hata daktari mkuu akija kupiga magoti haimpunguzii hata moja. Wenzake wa zamani dakika hizo walizimaliza kwa kusinzia na kuwateta wakubwa. Yeye aliandika.

Na alikuwa na ufundi wake katika hilo, tusimnyime haki. Daftari la mtu binafsi na simu vilikatazwa mle ndani, basi akaandika kwenye vipande vya karatasi ya bluu vinavyobaki baada ya kukata, kila kimoja kimepunguzwa kikaenea mfuko wa aproni. Hakumaliza sentensi kengele inapolia hata siku moja. Aliiacha katikati makusudi, ili mzigo wa pili ukiingia kalamu ijue pa kuanzia, isipoteze robo saa kujikuna kichwa. Mikono ikiwa sinkini haiwezi kushika kalamu, lakini kichwa hakilowi, kwa hiyo wakati wa kuosha aliwagombanisha wahusika wake kimoyomoyo, na hakukausha mikono mpaka mmoja wao awe ameshinda. Bi Msimamizi, mwanamke mnene mwenye viatu vya visigino vya mbao, alisikika tangu ngazi ya juu, na alipofika chini alimkuta Mtunzi ameinamia daftari la mashine kama mtawa. Alijua, lakini vyombo vilikuwa safi, naye akayamezea.

Tabu ilikuwa moja. Riwaya yenyewe haikwenda. Ilimhusu mfanyabiashara mkubwa anayeondoka kwao kwenda kuutafuta ukweli wa dunia, na katika miaka yote kumi na mmoja huyo bwana alikuwa bado hajatoka nyumbani. Amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, jua linachomoza, linachomoza tena, kurasa sita jua linachomoza tu. Sura ya kwanza ilikuwa imeandikwa upya mara kumi na nne. Mkewe, mwalimu wa watoto wadogo, mtu wa subira kwelikweli, alijaribu kuisoma mara mbili, na mara zote mbili usingizi ulimchukua kabla jua halijamaliza kupanda.

Hapo ndipo alipoletwa Kidoti.

Alitoka chumba cha kufulia, mama wa mtoto mmoja, na wenzake walimpa jina hilo kwa alama nyeusi iliyokaa juu ya mdomo wake. Siku ya tatu alimwona Mtunzi akiandika, akauliza anaandika nini. Miaka mingi hakuna aliyeuliza. Mtunzi alimweleza mzigo mzima, tangu mlango kufungwa hadi kufunguliwa, na Kidoti akasikiliza hadi mwisho bila kupiga mwayo. Baada ya wiki akasema na yeye anatamani kujaribu, ila hajui mtu anaanzia wapi. Basi Mtunzi akamfundisha yote: vipande vya bluu, sentensi ya kuachwa katikati, ugomvi wa sinkini. Alijisikia vizuri sana kuwa na mwanafunzi. Mbele za watu Kidoti alimwita kaka, na wakiwa wawili alimwita mwalimu.

Alimfundisha na sheria ya chumba, na hii ndiyo iliyokuja kuwatokea puani. Kila kifurushi kinabandikwa utepe wenye mistari iliyofifia. Mvuke ukikipata sawasawa, mistari inakuwa myeusi. Ikibaki kijivu, kifurushi hakijapita, na kisichopita hakirekebishwi. Usilete habari za kwamba kasoro ni mkasi mmoja. Kinafunguliwa chote, karatasi inakwenda mfuko mwekundu, mfuko unakwenda tanurini, na vyombo vinarudi sinkini kuanza moja. Halafu huwezi kupitisha mzigo uliouingiza mwenyewe. Lazima jicho la pili litazame utepe na kutia sahihi. Kidoti, ambaye alikuwa mtu wa kushika sheria kama mtoto anavyoshika mkono wa mamake sokoni, aliihamishia hiyo kwenye uandishi. Alipomaliza sura yake ya kwanza alimletea Mtunzi na kumwomba atie sahihi pembeni. Mtunzi alicheka, akasahihisha nukta mbili, akatia. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Ya tatu aliitia huku roho inamuuma kidogo. Hakujua kwa nini, akasingizia chakula cha mchana. Akamshauri Kidoti asimletee tena vipande vipande, amalize kwanza yote, ndivyo wanavyofanya watunzi wakubwa. Ukweli ni kwamba hakutaka kuiona.

Lakini kuikwepa haikuwezekana, maana Kidoti alikuwa na mdomo. Akiosha koleo anasimulia, na wauguzi waliokuja kuchukua vifurushi wakaanza kuchelewa kurudi juu. Kisa chenyewe kilimhusu mama mshonaji anayepofuka na kuwaficha wanawe. Wauguzi wakawa wanashuka hata wasipotumwa, kuuliza yule mama ameshajulikana au bado. Bi Msimamizi alishuka kuwafukuza, akasimama, akasikiliza, akasahau alichojia. Hakuna aliyewahi kushuka ngazi zile kuuliza kama mfanyabiashara ametoka mlangoni.

Siku moja Mtunzi alikuwa ukumbini akamsikia dereva wa gari la wagonjwa akiita kwa nguvu, "Mtunzi! Wee Mtunzi!" Akaitika kwa ile sauti yake nzito na kugeuka. Dereva hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimpungia mkono Kidoti aliyekuwa anatokea upande wa pili na beseni. Dereva alipogundua akacheka, akasema samahani mzee, siku hizi mko wawili. Mtunzi naye akacheka, akashuka ngazi bila kumngoja Kidoti.

Usiniambie wivu ni wa watu wabaya. Huyu bwana hakuwa mbaya. Kila asubuhi alijisema kwamba mtoto wa watu hana kosa, na kila mashine ilipoanza kunguruma aliinua jicho akaiona kalamu ya Kidoti inavyokimbia, kipande baada ya kipande, yake imeganda kwenye kofia ya yule bwana mlangoni. Alihesabu vipande vya mwenzake. Alianza kumchukia hata anavyokaa. Kengele ikilia kabla Kidoti hajamaliza wazo lake, Mtunzi alisikia raha moyoni, raha ya kijinga ambayo hakuweza kumwambia mtu.

Kisha wakatangaza wachapishaji. Ilikuwa kwenye gazeti, tangazo dogo: wanapokea riwaya za waandishi wapya, hata zilizoandikwa kwa mkono mradi zisomeke, mwisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mtunzi ndiye aliyeliona kwanza. Alilikunja, akalitia mfukoni, asimwambie mtu. Muuguzi mmoja akaja nalo kesho yake na kumpa Kidoti.

Kidoti alikuwa ameshamaliza. Miezi minane. Alikuwa anakwenda likizo ya wiki mbili kumuuguza shangazi yake aliyemlea, mama mtu mzima ambaye macho yalikuwa yamemwishia. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Mtunzi boksi la glavu lililojaa vipande vya bluu vilivyopangwa kwa namba.

"Mwalimu, soma yote," akamwambia. "Ukisema imepita, nikirudi naipeleka. Ukisema haijapita, haiendi."

Mtunzi akaahidi kuimaliza kwa siku tatu. Aliisoma kwa siku moja. Mzigo wa kwanza ulipoingia alifungua boksi akasoma, "Mama yetu alianza kupofuka wiki ile ile tuliyomnunulia cherehani mpya." Hakuna jua lililochomoza. Hakuna kofia. Kengele ikalia hakuisikia, ikabidi Bi Msimamizi ashuke kuuliza mashine imekufa au aliyekufa ni yeye. Jioni alipofika kipande cha mwisho alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya mabuti ya mpira. Laiti ingekuwa mbaya! Laiti ingekuwa ya wastani tu, angempigia makofi, angembebea mwenyewe hadi kwa wachapishaji. Lakini ilikuwa nzuri, na nzuri ile haikuwa na kelele hata kidogo. Alitamani kuirudia na alitamani isingekuwepo, vyote kwa pamoja.

Akaanza kuinakili. Alijidanganya kwamba anafanya kama fundi anayefungua redio ya mwenzake kuona imefungwaje. Siku tisa, kila mzigo ukiingia, na nyumbani alasiri watoto wakiwa wanacheza nje, alinakili neno kwa neno kwenye karatasi za kawaida, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala upande. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake kalamu yake ilikimbia. Alipoweka nukta ya mwisho alikuwa na riwaya nzima mikononi, imekamilika, kurasa mia moja na thelathini, na mkono ulioiandika ulikuwa wake. Hakugundua ule ufundi uko wapi. Alichogundua ni kwamba hakuna pahali pa kuingiza hata kisu, na hilo likamchoma zaidi.

Kidoti alirudi Jumatatu ya wiki ya mwisho. Alimwamkia, akavaa aproni, akaosha vyombo vya mzigo mzima bila kuuliza kitu, kwa adabu. Mashine ilipoanza ndipo akamtazama. Mtunzi alikuwa na maneno yote tayari. Alikuwa ameyafanyia mazoezi njiani: hongera, mdogo wangu, imepita. Akafungua mdomo.

"Haijapita," akasema.

Alichotaka ni Ijumaa impite tu, hilo tu. Mwaka ujao watatangaza tena, na mfanyabiashara atakuwa ametoka nyumbani, watapeleka wote wawili, mwalimu mbele na mwanafunzi nyuma. Akaongeza maneno ya kitaalamu, kwamba haijaiva katikati, kwamba kuna mahali inalegea. Kidoti akauliza ni sura ipi. Mtunzi akakohoa, akasema ni hali ya jumla. Kidoti akatikisa kichwa kukubali, akachukua boksi lake, akashukuru. Mwanamke alishukuru.

Jumanne mchana Mtunzi alijitia upole, akamuuliza kama ameshaanza kuirekebisha.

"Sijairekebisha, mwalimu. Nimeitupa."

"Umeitupa wapi?"

"Mfuko mwekundu. Umeshapelekwa tangu asubuhi." Akaendelea kukausha mikasi. "Si ulisema haijapita? Isiyopita hairekebishwi. Nikibaki nayo nitakuwa naichungulia, nashona viraka. Bora kuanza moja."

Alisema bila kinyongo, macho yamevimba lakini sauti imetulia. Mezani pake palikuwa na vipande vipya vya bluu, vimeshakatwa, havina kitu. Mtunzi alikwenda chumba cha kubadilishia nguo akakaa kwenye benchi. Na kwa kuwa tumekubaliana kusema kweli, niseme: kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa furaha. Imekwisha. Haipo. Wauguzi watarudi juu kwenye kazi zao na dereva atajua amwite nani. Furaha hiyo ilidumu muda wa mtu kuvua buti moja. Alipofika la pili, buti likabaki nusu mguuni, maana alikumbuka kwamba ipo. Ipo nyumbani, kwenye boksi la shati chini ya kitanda, nakala pekee duniani, na haina mwandiko wa mtu mwingine yeyote isipokuwa wake.

Siku ile aliosha vyombo kama mtu anayeota. Hakuna ambaye angejua. Wauguzi walisikia kisa juujuu, lakini visa hufanana, na yeye si ndiye mwalimu? Nani angeshangaa mwalimu kuandika kinachofanana na cha mwanafunzi? Alijisuta. Akajitetea. Akajisuta tena. Jumatano alirudi nyumbani ameamua kuzichoma zile karatasi jikoni, yaishe.

Akamkuta mkewe mezani, miwani puani, boksi la shati limefunguliwa mbele yake. Alikuwa akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kurasa zilizosomwa zilikuwa kushoto, zilizobaki kulia, na kulia palikuwa na kurasa chache sana. Mtunzi akasimama mlangoni. Mkewe akainua uso umelowa machozi.

"Baba watoto," akasema, "kumbe siku zote ulikuwa unaweza. Kwa nini ulinificha?"

Pale ndipo alipotakiwa kusema. Neno moja tu. Lakini hebu jiweke wewe. Miaka kumi na mmoja mwanamke huyo alimvumilia na kofia yake na jua lake, na sasa anamtazama kama alivyomtazama siku za uchumba. Mtunzi akasema hakutaka kumwonyesha kabla haijawa tayari. Uongo ulitoka laini, haukukwaruza hata kidogo.

Jioni ile ilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kuishi. Mkewe alimpa kiti chenye mto. Watoto waliambiwa wapunguze kelele, baba yao anafikiri. Akampigia simu dada yake, akamwambia shemeji yako ameandika kitu, we acha tu. Kisha akatoa bahasha kubwa ya kaki ya shuleni kwake, akaandika juu anwani ya wachapishaji, na upande wa nyuma, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni usio na doa, akaandika majina matatu ya mumewe. Mtunzi aliisoma bahasha ile mara nyingi. Majina yake yalikaa vizuri pale.

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa anakunywa chai. Mkewe anampigia pasi shati jeupe, si la kazini, lile la kwenda nalo kwa wachapishaji baada ya zamu. Huku akinyoosha kola akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Hebu niambie. Ulijuaje kwamba mtu anayepofuka huanza kwa kuziogopa ngazi za nyumba yake mwenyewe?"

Mtunzi alishusha kikombe. Maisha yake yote alikuwa akingoja mtu amuulize swali kama lile. Alikuwa na majibu ya maswali yote ambayo angeulizwa na gazeti na redio, ya wapi anapata mawazo na anaandika saa ngapi. La ngazi hakuwa nalo. Hakulijua. Hajawahi kuliwaza. Aliligundua kwenye kipande cha bluu, akalinakili, akapita. Akamkumbuka Kidoti akifunga mzigo kwenda kumuuguza shangazi yake, na kwamba yeye wakati huo alikuwa akitazama boksi la glavu tu, hata pole hakusema.

"Sikujua," akasema. "Si yangu."

Akamweleza yote, hadi mfuko mwekundu. Alipomaliza, mkewe akachomoa pasi, shati limenyooshwa mkono mmoja, akalitundika hivyo hivyo. Akatoa kurasa kwenye bahasha akazirudisha kwenye boksi.

"Mpelekee mwenyewe leo," akasema. "Bahasha iache hapa."

Akaenda kuwaamsha watoto. Mtunzi alivaa shati lake la kila siku.

Kazini alingoja mzigo wa kwanza uingie. Mlango ulipofungwa na mashine kuanza kunguruma, aliweka boksi mbele ya Kidoti, juu ya vile vipande vitupu. Kidoti alifunua, akasoma mstari wa kwanza, akasoma tena, akamtazama.

"Huu ni mwandiko wako."

"Niliinakili ulipokuwa likizo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua umefanyaje."

Kidoti alivua glavu moja moja, taratibu. "Na uliposema haijapita?"

Mtunzi alitazama saa ya mashine. Zilibaki dakika arobaini na mbili, na hakuna mlango wa kutokea uliomtosha. "Ilipita," akasema. "Ilipita tangu kipande cha kwanza. Nilikuonea wivu, mdogo wangu. Nakuonea hata sasa."

Kidoti hakupiga kelele, wala hakumtukana, na Mtunzi angependa amtukane. Alisema kwamba shangazi yake alikuwa amesimuliwa riwaya yote kwa mdomo, usiku na mchana, kwa zile wiki mbili, na alimwahidi kwamba watu wengine nao wataisoma. Kwamba tangu Jumatatu anajiuliza atarudi kwa yule mama na uso gani. Akasema hatamwita tena mwalimu. Alisema kama anayemweleza zamu imebadilishwa, kisha akavuta boksi karibu na kuanza kupitia ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikitangulia, kuhakikisha hajaibiwa kitu.

Ukurasa wa sitini na kitu kidole kikasimama.

"Hiki kifungu nani kaandika?"

Sikukitaja mapema, maana mwenyewe Mtunzi alikuwa anajifanya kakisahau. Katika siku tisa za kunakili, siku moja mkono ulimponyoka. Mama mshonaji amekaa dirishani na nguo mapajani, na Mtunzi akashindwa kujizuia, akaongeza mistari minane kuhusu jua linavyozama na huzuni ya dunia. Aliipenda. Kwa maoni yake ilikuwa mistari minane bora aliyowahi kuiandika.

"Mimi," akasema.

Kidoti alinyoosha mkono bila kumtazama, naye akatoa kalamu sikioni akampa. Akakata mistari yote minane, mmoja mmoja, kwa mstari ulionyooka. Mtunzi alichungulia begani kwake. Bila ile mistari, mama alikaa dirishani, nguo mapajani, basi. Ilitosha. Alitaka kusema kwamba imekaa vizuri zaidi, lakini akanyoosha mkono kudai kalamu yake.

Ukaguzi ulipokwisha Kidoti alipanga kurasa sawasawa, akazirudisha kwenye boksi, akasema kesho ataomba ruhusa azipeleke mwenyewe. Barua ya juu ataandika yeye kueleza habari ya mwandiko. Halafu akauliza kuna mtu mwingine aliyeisoma.

"Mke wangu."

"Alisemaje?"

Hapo Mtunzi angeweza kusema aliipenda tu, yakaisha. Neno hilo lingekuwa kweli, na halingemgharimu chochote.

"Alilia," akasema.

Kidoti aliacha kufunga boksi. Hasira yote ilikuwa bado usoni, lakini kitu kingine kilikuwa kimeingia juu yake.

"Wapi? Alilia wapi?"

Mtunzi alijua ni wapi, maana na yeye alilia hapo hapo, kwenye kigoda kile, na hakumwambia mtu. "Ukurasa wa mia moja na ishirini na nne," akasema. "Mtoto anarudi shule anamkuta mama anashona gizani, anataka kumwashia taa. Mama anamwambia usiwashe, mwanangu, najizoeza."

Kidoti akavuta kigoda akaketi. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, na mashine ikaendelea kunguruma kwa zamu yake. Mtunzi alisimama pale mikono imemning'inia, na Mungu amsamehe, hata yale machozi aliyaonea wivu.